Kwa nini kila wiki napata IC50 tofauti?

Swali la msomaji: Nasoma shahada ya uzamili. Napima dondoo la magome ya mwarobaini dhidi ya seli za HeLa (seli za saratani ya mlango wa kizazi) kwa MTT, kemikali inayogeuzwa zambarau na seli hai, kwenye sahani za visima 96, kwa saa 72. Wiki ya kwanza nilipata IC50 (dozi inayopunguza seli hai kwa nusu) ya 28 µg/ml, ya pili 95, ya tatu 41. Kila dozi niliiwekea visima vitatu, na visima hivyo vilikubaliana vizuri. Wenzangu wananishauri niiache ile ya 95, niandike wastani wa mbili zilizobaki na n = 6. Seli nilirithi kwa mwanafunzi aliyemaliza. Je, kosa ni la mmea, la seli au la mikono yangu? Na ushauri wa wenzangu ni sahihi?

Jibu: Usiitupe ile 95. Naanza na hapo kwa sababu kosa la mikono hurekebishika ndani ya wiki chache, ilhali mazoea ya kuchagua namba yakishaota mizizi humfuata mtu hadi shahada ya tatu na kazini. Chukua namba tatu zozote: karibu kila mara mbili zitakaribiana kuliko ya tatu. Kwa hiyo kukaribiana kwa 28 na 41 hakukuambii lolote kuhusu mwarobaini. Sahani hufutwa kwa sababu iliyoandikwa kabla jibu halijaonekana: ukungu umeingia, visima visivyo na dawa havikukua, au dawa ya ulinganisho imetoka nje ya mipaka yake ya kawaida. Andika vigezo hivyo leo kwenye daftari la maabara, weka tarehe, kisha vifuate hata siku vitakapokuondolea namba unayoipenda. Na wewe una sababu ya kuwa makini zaidi: makala za mimea hunukuu mara nyingi kigezo cha 30 µg/ml kama mpaka wa dondoo ghafi linalostahili kufuatiliwa. 28 yako imepita mpaka huo kwa unyoya. Namba inayokaa pembeni ya mpaka ndiyo inayomshawishi mtu kuliko zote.

Kuhusu n, yaani idadi ya majaribio huru: visima vyako vitatu vilitoka flaski moja, vikapandwa kutoka hesabu moja ya seli, vikapewa dozi za mfululizo mmoja wa kuzimua. Vikikubaliana, vimethibitisha kwamba pipeti yako ilimwaga sawasawa asubuhi ile, basi. Jaribio huru ni flaski nyingine, siku nyingine, seli zilizohesabiwa upya na dozi zilizozimuliwa upya. Umefanya majaribio matatu, kwa hiyo n = 3. Vaux, Fidler na Cumming walilifafanua jambo hili mwaka 2012 katika jarida la EMBO Reports, na bado kila mwaka zinachapishwa grafu ambazo vistari vya makosa ni vifupi kwa sababu tu mwandishi amehesabu visima. Wastani wenyewe utafute kwenye logi, maana IC50 hutofautiana kwa kuzidishana, si kwa kujumlishana. Wastani wa logi wa 28, 95 na 41 ni karibu 48. Wastani wa kawaida ungekupa 55.

Sasa tuitafute sababu. IC50 si sifa ya dondoo peke yake. Ni sifa ya dondoo pamoja na idadi ya seli, kasi yake ya kugawanyika, afya yake na muda uliozipa. Wanafunzi wengi hupima mmea kwa uangalifu mkubwa na seli kwa makadirio. Kwa maelezo uliyotoa, mimi ningeishuku hesabu ya seli kabla ya kitu kingine chochote.

HeLa zenye afya hugawanyika takriban kila baada ya saa 24. Ukipanda 5,000 kwa kila kisima, ukazipa usiku mmoja kushika chini na kisha saa 72, zile zisizo na dawa zinapaswa kufika kama 40,000, na hapo kisima kinakaribia kujaa. Ukikosea ukapanda 10,000, zisizo na dawa zinajaza kisima mapema na kusimama, huku zile zilizopewa dozi ndogo zinaendelea kukua polepole hadi kuzifikia. Ukisoma sahani saa ya 72 zote zinafanana. Dondoo linaonekana dhaifu na IC50 inapanda, ingawa mmea haujabadilika hata kidogo. Isitoshe, seli nyingi hugawana dawa ileile, hivyo kila moja hupata kidogo.

Hesabu inaharibika wapi? Kwanza kwenye kuzibandua. Mwaga midia (maji ya lishe ya seli) ya zamani, suuza mara mbili kwa PBS, maji ya chumvi ya kusuuzia seli, isiyo na kalisi wala magnesi; seramu iliyobaki huizuia tripsini, kimeng'enya kinachobandua seli, na kalisi huzisaidia seli kung'ang'aniana. Tia ml 1 ya tripsini 0.25% yenye EDTA kwenye flaski ya T25, weka 37°C kwa dakika 2 hadi 5, na utazame kwenye hadubini badala ya kutegemea saa. Seli zikishakuwa mviringo na kuanza kuteleza, ongeza ml 4 za midia yenye seramu. Usiipige flaski mezani ili kuharakisha: seli hutoka kwa mafungu, na fungu la seli sita ukilihesabu kama moja umeshapoteza tano. Vuta na kusukuma kwa pipeti polepole mara 10 hadi 15 mpaka chini ya hadubini uone seli mojamoja.

Pili, kwenye sentrifuji. Maelezo ya "1,500 rpm kwa dakika 5" hayana maana bila kujua urefu wa mkono wa mashine. Unachotaka ni 200 g kwa dakika 5. Kanuni ni g = 0.00001118 × r × rpm², r ikiwa sentimita kutoka katikati ya mhimili hadi chini ya tyubu. Mashine yenye r ya sm 10 inahitaji karibu 1,340 rpm. Yenye r ya sm 17 inahitaji karibu 1,030. Ukihamia mashine ya chumba jirani kwa rpm zilezile, unaweza kuzibana seli kupita kiasi au kuzimwaga nusu pamoja na maji ya juu.

Tatu, kwenye kihesabio cha Neubauer, kioo chenye miraba ya kuhesabia seli. Changanya µl 20 za seli na µl 20 za rangi ya tripani bluu 0.4%, inayoingia kwenye seli zilizokufa tu, hesabu ndani ya dakika 5, kwa kuwa rangi hiyo yenyewe hudhuru seli zikikaa nayo. Kila mraba mkubwa una ujazo wa ml 0.0001. Tuseme miraba minne ya pembeni imekupa 46, 52, 39 na 51. Jumla ni 188, wastani 47. Zidisha kwa 2 kwa ajili ya rangi, kisha kwa 10,000: una seli 940,000 kwa ml. Ili upande seli 5,000 kwenye µl 100 unahitaji 50,000 kwa ml. Kwa ml 10 chukua ml 0.53 ya seli na ml 9.47 za midia. Kumbuka kwamba hata mikono ikiwa mizuri kabisa, bahati nasibu ya kuhesabu vitu 188 ina kosa la karibu 7%, ambalo ni kipeuo cha pili cha 188 ukikigawa kwa 188. Ukihesabu seli 30 tu, kosa ni 18% kabla hujakosea lolote. Seli zilizo hai zikiwa chini ya 90%, usipande siku hiyo.

Kuna kosa moja dogo linaloharibu sahani nyingi: seli huzama. Tyubu ikisimama dakika tano, sehemu ya juu ina seli chache na ya chini zimejaa. Geuza tyubu taratibu kila unapochota, na ukitumia pipeti ya midomo minane, changanya seli zilizo kwenye kihori chake baada ya kila safu mbili. Ukiona safu ya 2 na safu ya 11 za visima visivyo na dawa zinatofautiana kwa mpangilio, hapo ndipo pa kutazama kwanza.

Kabla ya kugusa dondoo tena, tumia wiki moja kuzijua seli zako. Panda 1,000, 2,000, 4,000, 8,000 na 16,000 kwa kila kisima, sahani tatu, usome moja kila siku kwa siku tatu baada ya usiku wa kushika. Chora mstari. Chagua idadi ambayo siku ya mwisho bado iko kwenye sehemu inayopanda, haijalala. Kwa HeLa na saa 72 nadhani utajikuta kwenye 2,000 hadi 3,000, si 5,000. Baada ya hapo, kila unapopima dondoo panda sahani moja ya ziada uisome saa ileile unapoweka dawa. Sahani hiyo ya saa sifuri ndiyo inayokuambia seli ziligawanyika mara ngapi wakati wa jaribio. Mwaka 2016 watafiti wa Harvard Medical School walichapisha njia ya kukokotoa athari ya dawa kwa kasi ya kukua badala ya idadi ya mwisho, na sahani ya saa sifuri inakuwezesha kuitumia. Hata usipoitumia, utaweza kusema: wiki ya pili seli ziligawanyika mara 1.8 tu badala ya 3. Hapo 95 inaanza kuwa na sababu.

Hali ya seli kabla ya kupandwa nayo ina uzito. Zichukue flaski ikiwa imejaa 70 hadi 80%. Flaski iliyoachwa ikajaa kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu ina seli zilizosimama kugawanyika, na hata ukizipanda kwa hesabu sahihi zitachelewa kuanza. Andika kwenye daftari namba ya pasaji, yaani zimehamishwa mara ngapi tangu kuyeyushwa, na ujiwekee ukomo, tuseme pasaji 15, kisha urudi kwenye akiba iliyogandishwa.

Hapa nakuja kwenye jambo ulilolitaja kwa kupita, nami naliona zito: seli za kurithi. Hakuna ukoo wa seli wenye historia ya kututahadharisha kuliko huo ulio nao. HeLa zilitoka kwa Henrietta Lacks, mama Mmarekani mweusi aliyetibiwa saratani ya mlango wa kizazi katika hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, mwaka 1951. Zilichukuliwa bila ridhaa yake, na George Gey akaziotesha. Zilikua kwa kasi ambayo seli nyingine za binadamu hazikuwa nayo, zikasambazwa duniani, na palipokosekana uangalifu zikaingia kwenye flaski za seli nyingine na kuzimeza. Mwaka 1966 Stanley Gartler aliwaonyesha wenzake kwamba koo 18 za seli zilizodhaniwa kuwa za watu na viungo tofauti zote zilikuwa na kimeng'enya cha G6PD cha aina A. Aina hiyo hupatikana hasa kwa watu wenye asili ya Afrika, na wengi waliodaiwa kuwa chanzo cha koo hizo walikuwa weupe. Zote zilikuwa HeLa. Walioambiwa hawakufurahi. Orodha ya kimataifa ya koo zilizotambuliwa kimakosa leo ina majina zaidi ya 500: HEp-2, KB, Chang Liver na INT-407 ni HeLa, na MDA-MB-435, iliyotumika miaka mingi kama saratani ya matiti, ni ya melanoma. Angalia pia usichanganye HEp-2 na HepG2. Majina yanafanana, seli hazifanani.

Huenda ukasema, za kwangu zinaitwa HeLa tangu mwanzo, kwa hiyo niko salama. Si kabisa. Mwaka 2019 ilichapishwa kazi iliyokusanya sampuli 14 za HeLa kutoka maabara 13, ikakuta zinatofautiana kwa idadi ya nakala za jeni, kwa protini na kwa mwitikio, na kwamba hata miezi mitatu ya kuotesha mfululizo inatosha kuzibadilisha. Mwaka uliotangulia, kazi nyingine ilijaribu kemikali 321 kwa matawi 27 ya seli za MCF-7: kati ya kemikali zilizozuia vikali baadhi ya matawi, angalau 75% hazikufanya kitu kabisa kwa mengine. Jina moja kwenye flaski halitoshi.

Kwa hiyo fanya hivi. Chota DNA ya seli zako, itumwe kwa kipimo cha STR, yaani alama za DNA zinazotambulisha mtu seli zilikotoka, ulinganishe jibu na hifadhidata ya Cellosaurus inayotunzwa Uswisi. Ulinganifu wa 80% au zaidi huhesabiwa kuwa ni ukoo uleule. Ukisubiri majibu, PCR (njia ya kunakili DNA ili ionekane) ya kirusi cha HPV-18 ni kipimo rahisi cha awali, kwani HeLa hubeba DNA yake. Ikikosekana, una tatizo. Ikiwepo, bado unasubiri STR.

Maikoplazma: hili usiliahirishe hata siku moja. Ni bakteria wasio na ukuta wa seli, kwa hiyo penisilini haina pa kuwashika. Ni wadogo kiasi kwamba baadhi hupenya kichujio cha 0.22 µm, na wanaweza kufika milioni kumi au zaidi kwa ml bila midia kuonekana chafu wala kubadilika rangi. Seli zinaendelea kuishi, polepole kidogo, na mwenye nazo anasema "leo zimechoka". Kwa MTT ni balaa la pande mbili: baadhi yao humaliza aginini, mojawapo ya virutubisho vya seli, kwenye midia na kuchelewesha seli, na wao wenyewe huweza kuigeuza MTT kuwa zambarau. IC50 inaweza kwenda juu au chini kutegemea wamezaliana kiasi gani wiki hiyo, na hiyo ndiyo aina ya fujo unayoieleza.

Kuwapima: otesha seli bila antibiotiki kwa wiki mbili, acha flaski ikaribie kujaa, na uchote midia iliyokaa siku tatu bila kubadilishwa. Chemsha µl 100 kwa 95°C dakika 10, izungushe, tumia µl 2 za maji ya juu kwa PCR ya 16S rRNA, jeni ya bakteria. Weka kontroli chanya, kontroli hasi, na tyubu ya tatu ambayo wengi huisahau: sampuli yako iliyoongezewa DNA ya kontroli chanya. Tyubu hiyo isipotoa jibu, midia yako inazuia PCR na "hasi" uliyoiona haina maana. Kama hakuna PCR, gandisha seli kwenye kioo kwa kemikali (si kwa baridi), paka DAPI, rangi inayong'aa kwenye DNA, 1 µg/ml kwa dakika 10, tazama kwa lenzi ya 100: seli safi inang'aa kwenye kiini tu, iliyoambukizwa ina vumbi la nukta nje ya kiini. Zikiwa nao, zitie kwenye otoklevu (chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke) na kuzitupa. Kuna dawa za kuwaondoa, ila zina maana kwa seli zisizopatikana tena. HeLa zinapatikana. Chanzo mara nyingi ni flaski ya jirani, seramu ya ng'ombe, au mdomo wa mtu: Mycoplasma orale huishi kinywani mwetu, ndiyo maana hatuzungumzi tukiwa tumeinamia kabati la usalama.

Ukipata seli safi, gandisha akiba yako kabla ya kufanya kingine: seli milioni 1 hadi 2 kwa ml kwenye seramu yenye kiyeyusho cha DMSO 10%, zishuke kama digrii 1 kwa dakika hadi −80°C, kisha naitrojeni ya kimiminika. Maabara isiyo na naitrojeni ya uhakika iulize kwa watu wa uhimilishaji wa ng'ombe. Mitungi yao hutumia naitrojeni hiyohiyo. Friza ya −80 kwenye eneo la umeme wa kukatikakatika si akiba ya mwaka.

Tuje kwenye kipimo chenyewe, maana dondoo la magome lina hila yake. MTT hugeuzwa zambarau na seli hai, lakini pia hugeuzwa na kemikali yoyote inayotoa elektroni kwa urahisi, na magome yamejaa tanini na polifenoli za namna hiyo. Weka visima vyenye dondoo na midia bila seli hata moja, tia MTT, subiri. Kikitokea zambarau, sehemu ya "uhai" uliokuwa ukiusoma kwenye dozi kubwa ni kemia ya mwarobaini, na IC50 yako imeonekana kubwa kuliko ilivyo. Dawa yake: ondoa midia yenye dondoo, suuza mara mbili taratibu kwa PBS ya uvuguvugu, tia midia safi isiyo na fenoli nyekundu µl 100, kisha MTT ya 5 mg/ml µl 10. Saa 3 kwa 37°C. Ondoa midia kwa pipeti bila kugusa chini, tia DMSO µl 100, tikisa dakika 10 gizani, soma 570 nm na utoe usomaji wa 690 nm. Na matokeo ya sahani kadhaa yathibitishe kwa kipimo chenye msingi tofauti, kwa mfano sulforodamini B, ambayo hupima protini ya seli zilizogandishwa kwa asidi ya trikloroasetiki na haijali elektroni. Kama MTT na sulforodamini hazikubaliani, usichapishe mpaka ujue kwa nini.

DMSO: ukiyeyusha dondoo kwa 20 mg/ml, dozi ya 100 µg/ml inabeba DMSO 0.5%. Yeyusha kwa 100 mg/ml ili ibaki 0.1%, na visima vyote, pamoja na visivyo na dawa, viwe na kiwango kilekile. Tazama kisima cha dozi kubwa kwenye hadubini dakika 10 baada ya kutia dondoo. Ukiona chembe au sindano, dondoo limeganda na dozi uliyoiandika haipo kwenye maji. Tumia dondoo la mkupuo mmoja kwa majaribio yote, ligawe kwenye tyubu ndogo za matumizi ya mara moja, −20°C. Dawa ya ulinganisho ikiwa sisplatini, dawa ya saratani, iyeyushe kwenye maji ya chumvi 0.9%, kamwe si DMSO, kwa sababu DMSO hujifunga nayo na kuiua nguvu. Weka dawa hiyo kwenye kila sahani na uchore IC50 yake wiki kwa wiki. Laiti ungekuwa nayo wiki zile tatu, tungejua leo kama wiki ya pili seli ziliidharau na sisplatini pia.

Visima vya ukingoni hukauka upesi. Jaza vyote 36 vya nje PBS, fanya kazi na 60 vya ndani, na baada ya kupanda acha sahani juu ya meza nusu saa kabla ya kuiingiza kwenye inkubeta, seli zitulie sawasawa badala ya kukimbilia kingo.

Maabara yako ikiwa Nairobi au Mbeya, zote karibu mita 1,700 juu ya bahari, kuna jambo ambalo vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya maabara za pwani havikuambii. Shinikizo la hewa huko ni karibu 83% ya lile la Mombasa, hivyo CO2 ya 5% ina nguvu ya 4.1% ya Mombasa, na pH ya midia hupanda kama 0.08. Inkubeta iwekwe karibu 6%. Kwa otoklevu ya aina ya sufuria, geji ikisoma psi 15 huko juu ndani hakuna 121°C, kuna karibu 118°C. Unahitaji psi 17.5 hadi 18. Hili halielezi tofauti yako ya wiki kwa wiki, ila linaweza kueleza uchafu unaorudi kila mara, na kwa nini namba yako isifanane na ya mwenzako wa Dar es Salaam.

Ili kujua kosa ni la mikono gani hasa, ligawe. Siku moja, flaski moja: hesabu na panda mara tatu, kila mara ukianza upya na kihesabio, lakini tumia mfululizo mmoja wa dozi. Mtawanyiko utakaouona ni wa hesabu. Siku nyingine, seli zilizohesabiwa mara moja, lakini zimua dozi mara tatu kuanzia tyubu tatu za dondoo. Mtawanyiko huo ni wa kuzimua. Ukiwa mkubwa, pima pipeti: mwaga µl 100 za maji mara kumi kwenye mizani, wastani uwe karibu mg 100. Ukipata 95, umepata sehemu ya jibu, na katika mfululizo wa kuzimua mara saba kosa hilo huongezeka kila hatua. Kinachobaki baada ya hayo mawili ni tofauti ya siku kwa siku ya seli zenyewe. Mwombe pia mwenzako aziandike sahani kwa herufi bila wewe kujua ipi ni ipi mpaka umalize kusoma na kuchora.

Hii kazi itakula mwezi, na najua ratiba ya uzamili haina mwezi wa kupoteza. Nenda kwa msimamizi wako na mistari mitatu ya dozi kwenye karatasi moja, pamoja na orodha ya vipimo unavyotaka kufanya na bei zake. Usiende na malalamiko juu ya ushauri wa wenzako. Msimamizi mwenye uzoefu akiona grafu hiyo ataelewa kwa haraka kuliko maelezo ya kurasa kumi. Akisema hakuna fedha ya STR, omba angalau maikoplazma na mstari wa kupanda seli. Hivi viwili ni vya bei ndogo na vinafichua makosa mengi.

Matokeo ya wiki zile tatu yabaki kwenye tasnifu, sehemu ya viambatisho, pamoja na tarehe, namba ya pasaji na idadi uliyopanda. Majaribio mapya, angalau matatu huru yaliyofanywa baada ya seli kuthibitishwa, ndiyo yaingie kwenye sura ya matokeo, kila jaribio likionyeshwa kwa nukta yake kwenye grafu. Kama hata hapo IC50 zitatawanyika kati ya 30 na 60, andika 30 hadi 60.